Kosa Tuliloitwisha Mashine

Kabuta, Nchelenge
19 Oktoba 2024

Mdogo wangu Zéphirin,

Pokea salamu za huku ng'ambo ya ziwa, upande wa Zambia. Sisi wazima. Shemeji yako Chomba analia mgongo kila anapovuta wavu, na akipona anakataa kwamba alilia. Mwanetu Blessings yuko kwenye mitihani ya mwisho ya sekondari, kwa hiyo ameacha kuosha sahani; anasema kuosha kunamsahaulisha. Chisense, dagaa wetu wa ziwa, wamejaa mwezi huu mpaka mchanga wa kuanikia umekwisha, na watu wanawaanika hata juu ya paa za vyoo. Ukila chisense wa Kabuta huko Lubumbashi usiulize walikaukia wapi. Mkeo Arlène na mtoto hawajambo? Mwambie Arlène kitenge alichonitumia nimekishona, na wamama wawili wameshanuna.

Utashangaa kuona karatasi wakati tunazo simu. Nitakueleza.

Unakumbuka kazi tuliyoifanya miaka mitatu iliyopita, ulipokuja na kompyuta ile ndogo. Wamama kumi na tisa tuliovuka kutoka Pweto mwaka wa vita, 2000, kila mmoja aliingia peke yake katika chumba cha nyuma ya kanisa, akasema mbele ya simu yale ambayo hajawahi kumwambia mtu. Sauti hazina majina, zina namba tu. Ukazifungia zote kwa kufuli lako la kompyuta, lile ambalo ufunguo uleule unafunga na kufungua, ukauweka ufunguo huo kwenye flash mbili: moja yangu, moja yako. Kompyuta ukaniachia, na kopi ya sauti zote ukaondoka nayo, ili huku nyumba ikiungua zisipotee. Tuliahidi mbele ya wote kwamba hakuna sauti itakayofunguliwa mpaka mwenyewe aseme, au afe na kuwaachia watoto wake.

Zéphirin, sauti ya saba imetoka.

Si sauti yenyewe, ni habari yake. Wiki mbili zilizopita mchuuzi mmoja kutoka Lubumbashi alikaa juu ya magunia bandarini akawahadithia watu, kwa kicheko, habari ya mwanamke wa Kabuta aliyemlipa mwenye mtumbwi siku ya kukimbia, na alimlipa nini. Jina hakulitaja, hakulijua. Lakini alisema maneno ambayo yako ndani ya sauti ya saba tu. Chomba alirudi nayo nyumbani akanihadithia tukiwa tunakula, akimsikitikia mwanamke huyo. Nikamletea maji ya kunawa.

Sasa wamama wananijia mmoja mmoja. Kila mmoja anajua namba yake, hajui ya mwenzake, na kila mmoja anaogopa kwamba kesho ni zamu yake. Halafu redio nayo imesema wiki hii kwamba kuna mashine mpya huko kwa wakubwa, kompyuta ya kwanta, na kwamba imeanza kuyagusa makufuli ya aina hii yetu. Ni kweli? Ndiyo iliyotufungua? Nijibu kwa karatasi, umpe dereva wa lori la samaki, naye atampa Jairos wa mashua pale Kilwa, upande wenu wa ziwa. Simu siiamini tena.

Yaya wako, dada yako mkubwa,
Agnès

*

Lubumbashi
11 Novemba 2024

Yaya mpendwa sana,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Natumaini wewe, shemeji Chomba, Blessings na mitihani yake, kanisa zima, majirani, na hata yule mbuzi wa jirani anayekula mashuka, wote hamjambo. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Arlène anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwenye bega langu. Mvua ya kwanza imenyesha, umeme ukaondoka siku tatu, tukashukuru kwamba haikuwa nne. Kazini wamenipa ofisi yenye dirisha, ingawa dirisha lenyewe linaangalia ukuta. Bei ya unga imepanda tena. Sijui huko kwenu.

Kuhusu swali lako. Ni kweli mashine hizo zipo. Kufuli kama letu mwizi halipigi nyundo. Anajaribu funguo moja moja mpaka mmoja ukubali. Funguo zikiwa milioni moja, kompyuta ya kawaida inaweza kulazimika kuzijaribu karibu zote. Kompyuta ya kwanta ina njia ya mkato: yenyewe inajaribu kama mara elfu tu. Unaona tofauti? Wataalamu wameshtuka. Mimi mwenyewe nilitoa maelezo ya jambo hili kazini mwezi wa sita, mbele ya wakubwa wote, na waliuliza maswali mengi sana.

Kwa hiyo siwezi kusema haiwezekani. Huenda kabisa ndiyo. Dunia imetupita mbio, yaya, wala si kosa lako. Mtu akikulaumu mwambie hata mabenki makubwa yanatetemeka.

Waambie wamama wasisumbuke kutafuta mtu. Hakuna mtu.

Nakutumia dawa ya mgongo kwa ajili ya shemeji, apake asubuhi na jioni.

Mdogo wako mtiifu,
Zéphirin

*

Kabuta
28 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Naandika haraka. Keshokutwa Jairos anavuka kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo ziwa linafungwa mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae, na bila samaki hakuna wachuuzi, na bila wachuuzi hakuna wa kubeba barua. Dawa imefika. Chomba ameipaka mara moja, akasema inanuka, sasa anaipaka Blessings kwenye goti lake lisilouma.

Barua yako niliwasomea wamama Jumapili baada ya ibada. Ile hesabu ya milioni na elfu niliirudia mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kibemba. Halafu Mama Eneless, yule Mzambia aliyeolewa Pweto akakimbia pamoja nasi, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wetu, akanyoosha mkono.

“Ile mashini inakaa wapi?”

Nikasema, iko Amerika, nyingine Ulaya na China.

“Bon. Mashini ya Amerika inatafuta nini mu mambo ya bamama ba Kabuta? Na kama njo yenye ilifungua, juu ya nini habari ilitokea ku Lubumbashi, haikutokea ku Amerika?”

Watu walicheka kidogo. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa. Nikasema mdogo wangu ni mtaalamu, akisema huenda ni mashine basi huenda ni mashine. Nikakutetea, Zéphirin.

Wakaamua hivi. Kama hakuna kufuli linaloweza kuizuia mashine hiyo, sauti zote zichomwe: kompyuta ndogo, flash, kila kitu, kwenye jiko la kukaushia samaki la Mama Eneless, Jumamosi tarehe kumi na tano Machi, ziwa likishafunguliwa na waliosafiri wakirudi. Wewe huko ufute kopi yako siku hiyohiyo. Kumi na nne walinyoosha mkono kwamba zichomwe, wanne walikataa. Mimi sikunyoosha upande wowote.

Aliyekataa kwa nguvu ni Mama Léonie. Unamjua, anayeuza maandazi karibu na bandari. Ini limemwisha, Zéphirin, macho yamekuwa ya njano. Alisimama akishikilia benchi. “Miye niko nakufa. Kasonde anaulizaka kila siku baba yake ni nani, na kinywa yangu inakataa. Nilisema ile neno mara moja tu, mule mu simu ya Agnès. Mukiichoma, munanichoma miye.”

Kasonde binti yake ana miaka ishirini na mitatu. Hesabu mwenyewe alizaliwa lini.

Kama kuna jambo lolote unalolijua la kuzuia moto huu, niandikie, hata kama itabidi barua izunguke kwa basi.

Agnès

*

Lubumbashi
20 Januari 2025

Yaya,

Heri ya mwaka mpya. Barua hii inapita Kasumbalesa na Mansa kwa mkono wa dereva wa basi ninayemfahamu, ndiyo maana itachelewa. Sisi hatujambo. Mtoto anatambaa.

Nimefikiri tena juu ya ile hesabu, na naona niliandika kwa haraka. Mfano wa milioni ulikuwa mfano tu. Ufunguo wetu si mmoja katika milioni. Idadi ya funguo zinazowezekana ukiiandika inachukua tarakimu sabini na nane. Njia ya mkato ya kwanta ikiingia, kazi inayobaki bado ni ya tarakimu thelathini na tisa, na hiyo hakuna mashine ya leo wala ya wajukuu zetu itakayoimaliza. Makufuli yenye ufunguo mfupi ndiyo ya kuogopewa. Wetu ni mrefu. Hata mashine alizozisema mtangazaji, kadiri ninavyosoma, zimevunja vifunguo vidogo vya majaribio tu.

Kwa hiyo msichome. Waambie mimi nimesema msichome. Mama Léonie anasemaje?

Nina kazi nyingi, nitaandika zaidi siku nyingine.

Zéphirin

*

Kabuta
12 Februari 2025

Zéphirin,

Sisi tuko salama kwa afya. Blessings amefaulu, nitafurahi nikipata nafasi.

Umeuliza Mama Léonie anasemaje. Hasemi kitu. Tumemzika tarehe tatu. Mvua ilinyesha mpaka kaburi likaingia maji, na vijana wakayachota kwa ndoo za samaki wakati sisi tunaimba. Baada ya kuzika Kasonde alinishika mkono. “Mama alikuachia neno yangu?” Nikasema lipo. “Basi nipe.” Nikamwambia asubiri. Alinitazama kwa namna ambayo bado naiona ninapochekecha unga.

Kwa ahadi yetu, sauti ya Léonie sasa ni ya Kasonde. Ningeifungua siku ileile. Lakini sina tena kitu cha kufungulia, na sababu ni barua yako.

Nilifurahi nayo sana, mjinga mimi. Nilikimbia kwa Mama Eneless nikawasomea wote: tarakimu sabini na nane, thelathini na tisa, wajukuu zetu. Nikasema, mnaona, kufuli halivunjiki! Mama Eneless akaniangalia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. “Sasa, Agnès. Kama mashini haikufungua, mutu njo alifungua. Na ufunguo iko na batu babili.”

Zéphirin, nilikuwa nimesimama na karatasi yako mkononi. Watu wawili: mimi na wewe. Walikuwa wakinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Ningeweza kulitaja jina lako. Sikulitaja.

Wamechukua kompyuta. Wamechukua flash yangu, ile niliyoifunga kwenye kona ya kitenge tangu siku uliyonipa. Wamenivua na ukatibu. Kitabu cha kikundi nimemkabidhi Chola wa kwaya. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu wangenitukana. Nikienda kuanika samaki, mazungumzo yanaisha nikifika. Moto ni uleule, tarehe kumi na tano Machi, na neno la Kasonde litakuwa humo ndani.

Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akisema. Nakuuliza kama dada yako: si mashine, si mimi. Ni nani?

Agnès

*

Kilwa, upande wa Kongo
8 Machi 2025

Yaya Agnès,

Sina salamu za kutosha kuanzia, kwa hiyo naanza bila salamu. Ni mimi.

Barua yako niliipata nikiwa mezani na Arlène. Aliniuliza kuna nini, nikasema msiba. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini nikapanda lori.

Ilikuwa mwezi wa sita, kabla ya yale maelezo niliyojisifia. Nilitaka kuwaonyesha wakubwa kufuli nililolitengeneza kwa mikono yangu. Nikachomeka flash yangu, nikajiambia kwamba naangalia tu kama kopi haijaharibika. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliyemdanganya ni mimi mwenyewe. Nikafungua moja, yoyote. Ikaanza na kikohozi, na kikohozi hicho nimelala nacho chumba kimoja miaka kumi na mbili. Hapo ningeweza kuzima. Nilisikiliza mpaka mwisho, halafu nikarudia mwanzo.

Sikujua, yaya. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni kwamba uliniambia nilale chini ya nyavu kwenye mtumbwi, nihesabu mpaka mia, nisitoe kichwa. Mimi nilijua kuhesabu mpaka ishirini tu, nikairudia mara tano. Nimekua nikihadithia watu hiyo kama mchezo. Niliihadithia hata siku ya harusi yangu, kwenye kipaza sauti, wewe ukiwa umekaa mstari wa mbele. Watu wakapiga makofi na wewe ukapiga. Sasa najua nilipokuwa nahesabu wewe ulikuwa wapi, na mwenye mtumbwi alikuwa anadai nini kwa nafasi ya mtoto mmoja. Siku hizi nikihesabu kitu chochote naona aibu mpaka kwenye vidole.

Ningenyamaza hapo ningekuwa na kosa moja. Lakini nilishindwa kulibeba. Arlène nilimwonea haya. Nikamwambia Carlos, yule mchuuzi wa samaki tuliyesoma naye. Nililia mezani kwake, nikamhadithia habari ya mwanamke mmoja wa Kabuta na mtoto. Jina sikulitaja, nikajiona nimetunza siri. Mtu mwenye akili timamu anamwambia siri mchuuzi wa samaki? Carlos alidhani ni kisa tu. Akaenda nacho bandarini pamoja na magunia yake.

Ulipoandika habari ya mashine nilishukuru. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote. Uliniuliza swali la kweli na nikaona mlango wa kutokea. Nilijua ile hesabu yote tangu mwanzo, ya elfu na ya tarakimu thelathini na tisa, nikakupa nusu inayonifaa. Wataalamu wanaziogopea zaidi funguo zinazotumwa kwa njia ya mtandao. Wetu nilikupa mkononi, hapakuwa na hata waya kati yetu. Mashine haijakosa lolote kwetu. Mwizi alikuwa na ufunguo halali.

Wasomee wamama barua hii. Kama utaona haya kuisoma yote kwa sababu sauti ya saba ni yako na wao hawajui, soma tu sehemu ya jina langu: Zéphirin alifungua, Zéphirin alisema, Agnès hakujua. Inatosha kukusafisha na kuuzuia moto.

Nimefika mpaka hapa Kilwa nikitaka kuvuka. Kisiwa kinaonekana, na nyuma yake ni kwenu. Jairos ameniambia nafasi ipo, akanisubiri. Nimempa barua, mimi nimebaki ufukweni. Sikuweza kupanda mashua hiyo na kukaa mahali pa mtu.

Unanisamehe?

Zéphirin

*

Kabuta
19 Machi 2025

Zéphirin,

Salamu kwa Arlène na mtoto. Blessings anakusalimu, hajui mengi bado. Mvua zimepungua.

Barua yako ilifika Ijumaa mchana, siku moja kabla ya moto. Jairos alisema, “Mudogo yako alilia pale ku mayi ya ziwa, batu banamuangalia.”

Nikaisoma nikiwa nimesimama. Tuseme ukweli sasa, maana la kuvunda halina ubani. Nilishajua. Nilijua tangu ile barua yako ya Novemba, kurasa tatu za mbuzi na meno na dirisha. Nilikuandikia kwamba sauti ya saba imetoka, na hukuuliza ni ya nani. Kila mama wa hapa aliuliza hilo kabla ya salamu. Lakini nilitamani iwe mashine. Nilikutumia maswali ya mashine, ukanijibu ya mashine, na wote wawili tukaitwisha kosa letu ikalibeba kimya. Mama Léonie amekufa tukiwa katika mchezo huo. Hiyo ni aibu yangu, usiichukue na hiyo.

Kuna jambo umelielewa vibaya. Unadhani nilifungia sauti ya saba kwa sababu ya haya. Haya ninayo, lakini nimeishi nayo, inaamka nami na kulala nami. Niliifungia ili wewe usijue. Ulipohadithia kwenye harusi habari ya kuhesabu, nilipiga makofi kwa furaha ya kweli, kwa sababu nilisema moyoni: ametoka kule na namba tu. Miaka ishirini na minne nilimshukuru Mungu kwa hilo. Katika dunia nzima nilikuwa namficha mtu mmoja, na ndiye niliyempa ufunguo.

Ile nusu barua uliyonipendekezea nilifikiria kuisoma. Halafu nikaona kwamba nikisoma nusu, watauliza nusu nyingine, na tutaanza tena. Kwa hiyo Ijumaa jioni nilimpa Chomba kwanza. Anasoma Kiswahili polepole, akawa anaweka kidole chini ya kila neno. Sikumsaidia. Alipomaliza aliikunja vizuri, akanirudishia, akachukua nyavu zake akaenda kisiwani Kilwa, katikati ya ziwa, bila kula.

Jumamosi niliisoma yote mbele ya wamama, na jiko limeshawashwa. Mashua, nyavu, mwenye mtumbwi, vyote. Sauti yangu ilikatika mara moja tu, mahali pa ishirini mara tano. Mama Eneless aliinuka akamwaga ndoo ya maji kwenye moto, moshi ukatutoa sote nje tukikohoa. Akanirudishia flash mkononi. Ukatibu hajanirudishia, na sijauomba.

Tuliamua kila mama aamue yake. Nne zimefutwa kabisa, zilizobaki zimefungwa upya. Kijana wa posta aliyesomea mambo hayo ametusaidia kutengeneza ufunguo mpya, mrefu kama ule, na aligeukia ukuta tulipokuwa tunauhifadhi. Wanao watu wawili. Wewe si mmoja wao. Ya saba ni mojawapo ya zile nne zilizofutwa. Imeshasikiwa na watu wote niliotaka isisikiwe nao, sioni tena cha kufungia.

Kasonde amesikia ya mama yake. Alikaa chumba cha nyuma ya kanisa mpaka jua likageuka. Alipotoka aliuliza kama anaweza kuisikia tena kesho, nikamwambia hata kesho kutwa.

Umeuliza kama nakusamehe. Ninapika, ninaanika samaki, ninakuombea kama zamani, halafu nakumbuka kwamba ulisikiliza ukarudia mwanzo, nami naacha ninachofanya. Sina jibu zaidi ya hilo kwa sasa. Wamama wanataka uje mwenyewe na flash yako na kopi yako, ufute mbele yao, na useme kwa mdomo ulichokiandika.

Chomba amerudi jana. Alipanga nyavu, akanawa, akala, kisha akasema kwa Kibemba, na mimi nakuandikia kwa lugha yetu: “Yule mtoto uliyemvusha, mwambie aje. Nataka kumwona.”

Sijui anataka kukuona kwa lipi, na sikumuuliza. Njoo hivyohivyo.

Agnès